Waziri Aliyeponzwa na Bahasha ya Matanga

Guka wangu alizikwa saa kumi kasorobo alasiri, ilhali kaburi lilikuwa tayari tangu saa nne asubuhi. Programu tuliyochapisha pale Nyeri mjini ilisema mazishi ni saa saba. Kilichotuchelewesha si mvua, ingawa wingu la Nyandarua lilikuwa limeshuka hadi kwenye miti ya jirani. Wala si mchungaji, maana alifika mapema akakaa kwenye kiti cha plastiki akitazama saa yake. Tulikuwa tunamngoja mheshimiwa.

Alipofika, kwaya ilikatwa katikati ya wimbo. Akapewa maiki. Aliongea dakika thelathini na tano, nami nilihesabu kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Guka alipata kama dakika nne, na jina lake likatamkwa vibaya mara mbili. Dakika zilizobaki zilikuwa za 2027, za nani amesaliti nani, na za Mlima kubaki yatima. Jeneza lilikuwa pale mbele yake limefunikwa maua. Mtu aliyelima kahawa Tetu kwa zaidi ya miaka hamsini alikuwa amegeuzwa meza ya kuwekea hotuba.

Kisha ikaja bahasha. Msaidizi wake alinitafuta mimi, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa mweka hazina wa kamati ya mazishi. Elfu hamsini. Daftari letu la michango lilikuwa lile lile ambalo Guka alikuwa akiandikia kilo za kahawa alizopeleka kiwandani. Kurasa za mbele ni mwandiko wake, kurasa za nyuma ni wangu. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika jina la mheshimiwa juu kabisa, kwa kalamu nyekundu. Emsii akalisoma, watu wakapiga makofi. Shangazi yangu alikuwa ametoa shilingi mia mbili, noti nne za hamsini zilizokunjwa ndani ya leso. Jina lake lilikuwa namba sitini na kitu, na halikusomwa.

Nasema haya mapema ili usije ukanidhania mimi ni mtakatifu. Bahasha ile niliipokea kwa mikono miwili. Hospitali moja ilikuwa imetushikilia mwili siku tisa kwa sababu ya bili, na deni la watu waliotukopesha lilikuwa linangoja. Nilisema asante, na nilimaanisha.

Jioni hiyo nilirudi mjini kwa Probox. Ukikaa Nyeri, Karatina, Nanyuki au Kerugoya, unajua maisha yetu yanabebwa na Japani: Probox ya abiria, pikapu ya maziwa, matatu ya kwenda Nairobi. Hata wali wa matanga ulikuwa pishori ya Mwea, na Mwea siku hizi inakunywa maji ya Bwawa la Thiba, lililozinduliwa 2022 na kujengwa kwa mkopo wa Japani. Dere wetu alikuwa na hasira za siku nzima. Akasema, "Hii nchi inataka mtu kama wa Japani. Wale wasee wana nidhamu. Sisi tumelaaniwa."

Kila akiwasha gari lake, sauti ya mwanamke hutoka kwenye dashibodi ikisema kitu kwa Kijapani. Dere anaamini mama huyo humsalimia. Ukweli ni kwamba anamwambia kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Miaka yote hiyo dere ameambiwa jambo moja, na amesikia lingine.

Hivyo ndivyo tunavyoisikiliza siasa ya Japani, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Wanasiasa wetu wakienda Tokyo wanarudi na wimbo mmoja: wananchi wa kule wana nidhamu. Wanapanga foleni. Hawatupi takataka. Treni inafika kwa dakika. Somo wanalotuletea daima ni letu sisi kunyenyekea, kana kwamba Japani ilijengwa na wananchi watiifu na viongozi walikaa tu wakitazama. Sijasikia hata mmoja akirudi na habari za minyororo waliyofungwa wanasiasa wa kule. Basi acha mimi nilete.

Septemba 2019, mbunge anayeitwa Isshu Sugawara aliteuliwa Waziri wa Uchumi, Biashara na Viwanda. Hiyo ni mojawapo ya wizara nzito kabisa Japani. Haikupita miezi miwili. Gazeti la kila wiki, Shukan Bunshun, lilianza kwa kuandika kwamba huko nyuma aliwahi kuwapelekea wapiga kura wa jimbo lake matikiti na kaa. Halafu likaandika kwamba katibu wake alifika kwenye mkesha wa marehemu mmoja jimboni Nerima, Tokyo, akiwa na rambirambi ya yen 20,000. Kwa pesa za wakati huo, hiyo ni kama shilingi elfu kumi na tisa. Tarehe 25 Oktoba 2019, waziri akajiuzulu. Mwaka 2021 akaacha hata kiti cha ubunge.

Soma tena. Waziri aliponzwa na bahasha ya matanga. Na bahasha yenyewe haikufika nusu ya ile niliyoiandika mimi kwa kalamu nyekundu.

Kosa lake ni lipi? Sheria yao ya uchaguzi, ambayo imekuwepo tangu 1950, inamkataza mwanasiasa kuwapa zawadi watu wa jimbo lake. Haisemi tu wakati wa kampeni. Inasema siku zote. Kwenye matanga kuna mwanya mdogo: akifika yeye mwenyewe kumlilia marehemu, anaweza kutoa rambirambi ya kawaida. Lakini hawezi kumtuma katibu na bahasha. Yaani sheria imemtazama mwanasiasa machoni ikamuuliza: unalia, ama unanunua?

Miaka mitano kabla ya hapo, Oktoba 2014, Waziri wa Sheria, Midori Matsushima, alijiuzulu kwa sababu ya vipepeo vya karatasi. Vile vya kujipepea wakati wa joto. Alikuwa amewagawia watu wa jimbo lake vikiwa na picha yake. Alipobanwa bungeni alijitetea kwamba hizo ni karatasi za kueleza sera, basi tu zina umbo la kipepeo. Haikumsaidia. Sasa wewe fikiria leso, kofia, vifuko vya unga wa kilo mbili na noti za mia mbili zinazogawanywa kutoka Mukurwe-ini hadi Kieni kila mwaka wa uchaguzi. Kwa kipimo cha vile vipepeo, nani angebaki?

Najua utasema nini. Utasema wale ni Wajapani, damu yao ni tofauti. Hapana. Huu ndio uongo ninaotaka tuuache, kwa sababu unawafaa sana waheshimiwa. Tatizo likiwa damu, basi hakuna wa kulaumiwa na hakuna cha kufanya.

Wajapani waliugua ugonjwa wetu, na waliugua vibaya. Mchukue Kakuei Tanaka. Huyu alizaliwa 1918 huko Niigata, nchi ya milima na theluji iliyojiona imetupwa nyuma ya Tokyo. Hakusoma sana, alikuwa mtu wa ujenzi. Katika kampeni yake ya kwanza, 1946, aliwaambia watu wa kwao kwamba ile milima ya Mikuni inayowaletea theluji itachimbwa iondoke, na udongo wake utupwe baharini hadi kisiwa cha Sado kiungane na nchi kavu. Milima haikuondoka, lakini yeye alipanda hadi akawa Waziri Mkuu, 1972. Barabara zikaja Niigata. Madaraja yakaja. Mwaka 1982 treni ya kasi ikatoboa milima ile ikafika Niigata, na leo sanamu ya Tanaka imesimama mbele ya stesheni ya Urasa. Ungemuuliza mkulima wa mpunga wa kule, angekwambia kwa lugha yake lile neno letu: mtu wetu.

Mwaka 1976 mtu wao alikamatwa kwa tuhuma za kupokea yen milioni 500 kutoka kampuni ya ndege ya Marekani, Lockheed. Oktoba 1983 mahakama ikamtia hatiani na kumhukumu miaka minne jela, akakata rufaa. Desemba mwaka huo huo kukawa na uchaguzi. Watu wa Niigata wakampa kura zaidi ya 220,000. Alipoondoka kwenye siasa, bintiye Makiko akashinda kiti kule kule kwao. Sasa niambie damu yao na yetu zinatofautiana wapi.

Wala usidhani walipona kabisa. Chama kimoja, Liberal Democratic, kimeishika serikali yao karibu muda wote tangu 1955. Viti vya ubunge hurithiwa kama shamba. Wapiga kura wa umri wa miaka ya ishirini na kitu waliojitokeza 2024 walikuwa kama thuluthi tu, na mtu akinipigia kelele kuhusu vijana wa Kenya kutopiga kura, nitamwelekeza huko kwanza. Sikuja kukuuzia malaika.

Ninachosema ni kwamba ugonjwa ulipowazidi, hawakungoja damu ibadilike. Mwishoni mwa miaka ya themanini, baada ya kashfa ya hisa za kampuni ya Recruit kumwangusha Waziri Mkuu Noboru Takeshita, waliikaza ile sheria ya zawadi, kwa sababu kila mtu alijua wanasiasa wanatafuta pesa chafu ili wazimwage kwenye harusi na matanga ya jimboni. Waliuona mnyororo wote. Bahasha ya matanga haidondoki kutoka mbinguni. Mwanasiasa anayetoa elfu hamsini kila Ijumaa na Jumamosi, kijiji baada ya kijiji, ana shamba gani linalozaa hizo pesa? Mshahara wake tunaujua. Bahasha ni riba ndogo ya mkopo mkubwa tunaomlipia sisi: tenda iliyopandishwa bei, dawa isiyofika zahanati, barabara ya kiwango cha lami inayofumuka mvua ya kwanza. Tunapiga makofi tukirudishiwa shilingi moja kati ya kumi zetu wenyewe.

Na sisi pia sheria tunayo. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 imekataza hongo na karamu za kununua kura. Katiba ya 2010 ina sura nzima ya uadilifu. Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Rais alitangaza kwamba watumishi wa umma wasishiriki tena harambee. Karatasi tunayo. Tusichokuwa nacho ni aibu. Kule, gazeti liliandika, upinzani ukauliza bungeni, na waziri mzima akashindwa kutoka nje uso ukiwa mkavu. Hapa, mheshimiwa asipoleta bahasha ndipo anaaibika. Tunasema ana mkono mgumu. Tumeipindua aibu juu chini, na sisi ndio tuliipindua.

Sasa nije kwenye sehemu inayoniuma, kwa sababu polemiki inayomsaza mwandishi wake ni porojo. Mimi niliipokea ile bahasha kwa sababu ya bili. Ukiniambia, "Ungeikataa," nitakuuliza: na mwili wa Guka ungetoka vipi? Hapa wasomi wa mitandaoni hukosea. Wanawatukana kina mama wanaopanga foleni ya mia mbili, kana kwamba umaskini ni tabia mbaya.

Japani ilikuwa na bima ya afya kwa kila mtu kufikia 1961. Hiyo ni kabla ya treni ya kasi ya kwanza, iliyoanza 1964. Ukipanga tarehe hizo mbili, utaelewa mengi. Mtu ambaye bili yake ya hospitali haitegemei huruma ya mbunge anaweza kumtazama mbunge kama mwajiriwa wake. Mtu ambaye maiti yake imeshikwa hawezi. Ndiyo maana bahasha na hospitali mbovu ni ndugu wa tumbo moja: hospitali ikipona, bahasha inakufa, na wapo wanaojua hivyo vizuri kutuliko. Kwa hiyo usiniambie nidai sheria ya zawadi pekee. Nitadai vyote viwili, kwa pumzi moja.

Kuna jambo moja tunafanana nao ambalo hunichekesha. Japani ina mikoa 47, kila mmoja na gavana wake wa kuchaguliwa. Sisi tuna kaunti 47, magavana 47. Nyeri ni namba kumi na tisa. Lakini sisi wa Mlima tuna cheo cha ziada ambacho Katiba haikukiandika: msemaji wa Mlima. Mfalme bila taji. Akiwa juu, sote tuko juu. Akianguka, sote tumeanguka.

Oktoba 2024 tulikiona. Naibu Rais aliyetoka Mathira, hapa hapa Nyeri, aling'olewa na Seneti. Sitaki kubishana hapa kama alionewa au hakuonewa. Kila meza ya chai Karatina ina jibu lake. Ninachobishia ni kilio kilichofuata: Mlima umebaki yatima. Yatima kivipi? Nyeri ilikuwa bado na gavana, seneta, wabunge sita, wawakilishi wa wadi, na bajeti. Yatima ni mtu asiye na wazazi. Mwajiri hawi yatima mfanyakazi wake mmoja akiachishwa kazi.

Mwezi huo huo, tarehe 27, Wajapani walipiga kura. Chama tawala kilikuwa kimekamatwa na kashfa ya tiketi za hafla za kuchangisha pesa: wabunge waliuza tiketi kupita kiwango walichopangiwa, ziada ikarudi mifukoni mwao bila kuandikwa vitabuni. Harambee, kwa jina lingine. Wapiga kura wakawanyang'anya wingi wa viti katika Baraza la Wawakilishi. Julai 2025 wakawanyang'anya na ule wa baraza la juu. Waziri Mkuu Shigeru Ishiba akaondoka, na Oktoba mwaka huo Sanae Takaichi akawa mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Kutoka 2006 hadi hapo, watu kumi tofauti wamekikalia kiti hicho, mmoja wao, Shinzo Abe, mara mbili. Wengine walidumu mwaka mmoja tu. Umesikia treni imesimama? Umesikia mkoa wowote ukilia uyatima?

Hiyo ndiyo Japani ninayotaka dere wa Probox aisikie. Kule kiti ni kikubwa kuliko makalio. Kiongozi wao hutumika na huondoka, nchi ikabaki. Sisi tunatafuta mtu wa chuma wa kutuokoa, na tukimpata tunamkabidhi maiki, jeneza la babu zetu, na ukurasa wa kwanza wa daftari.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Matanga kati ya sasa na siku hiyo yatakuwa mengi, kwa sababu kwetu kampeni haifanyiwi uwanjani peke yake, inafanyiwa kaburini. Wewe unayesoma hii kwa simu, ndiwe hufungua grupu ya WhatsApp ya familia, ndiwe huandika programu, ndiwe hushika daftari. Wazee wana heshima, lakini karatasi iko mikononi mwako. Andika hivi: hakuna hotuba za siasa. Mheshimiwa akija, akae na waombolezaji wengine. Akitoa mchango, uandikwe kwa mpangilio wa aliyefika, kwa kalamu ile ile, na usisomwe. Mwili usingoje mtu. Halafu nenda ujiandikishe kupiga kura, na umuulize mheshimiwa kuhusu hospitali, siku ambayo hakuna maiti kati yenu.

Profesa Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Tetu, si mbali na kwa Guka. Alienda Japani 2005 na hakurudi na gari. Alirudi na neno moja, mottainai, linalomaanisha uchungu wa kuona kitu cha thamani kikipotezwa bure, akalitembeza dunia nzima. Alipofariki 2011 alikuwa ameacha wosia asizikwe kwa jeneza la mbao. Hata kifo chake alikataa kitumike vibaya. Basi somo liko nyumbani, hata huhitaji pasipoti.

Mwaka jana mume wa shangazi alifariki. Programu niliiandika mimi, na mstari ule wa siasa niliuweka kwa herufi kubwa. Anko wangu mkubwa alinipigia simu usiku akaniambia nimeifunga familia mlango, kwamba siku moja nitahitaji mtu wa kunipigia simu ofisini na sitampata. Huenda yuko sahihi. Hatujasalimiana vizuri tangu hapo. Mheshimiwa alituma ujumbe kwamba ana shughuli nyingine.

Tulizika saa saba kamili. Mchango ulipungua, na deni bado tunalilipa, mimi na binamu zangu, kidogo kidogo kwa M-Pesa. Daftari lilikuwa lile lile la Guka. Ukurasa wa kwanza wa michango hiyo una jina la jirani aliyefika alfajiri kusaidia kupiga hema, na mbele yake imeandikwa shilingi mia moja na hamsini.